Goti la Don Rosamel

Shemeji yangu Rosamel Quilodrán alikuwa na goti maarufu kuliko goti lolote pale Los Maquis, kijiji chetu cha mlimani. Wageni waliopanda kutoka Santiago kuja kuteleza kwenye theluji walimuuliza hali ya goti kabla hawajamuuliza hali ya mkewe, na mkewe ni mdogo wangu Nolfa, kwa hiyo jambo hilo lilinikera mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mtambo wa kamba unaowavuta wageni hadi juu, kwenye Jiwe la Kondoo. Kila asubuhi kabla ya kuuwasha alishika simu ya kibandani akaipa redio ya bondeni habari za theluji. "Wasikilizaji, theluji ya leo ni unga mtupu, laini kama hariri. Ukifika kwenye jiwe kata kushoto, utanishukuru." Alisema hivyo theluji ikiwa unga, alisema hivyo ikiwa barafu, na mwaka mmoja alisema hivyo wakati ng'ombe wanakula majani mlimani. Wageni walikuja tu. Wakilalamika, aliwatazama kwa huruma. "Mmeteleza saa ngapi? Aa, saa hiyo! Mmechelewa."

Na mbona yeye mwenyewe hatelezi? Goti. Watu walisimuliana kwamba ujanani Don Rosamel alikuwa akishuka mlima ule kama mwewe, mpaka siku alipotumbukia korongoni. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisimulia hadithi hiyo. Alilishika goti tu, akashusha pumzi, akatazama juu, na watu wakamalizia wenyewe.

Mimi na Nolfa tuliujua ukweli. Goti lile lilipigwa teke na nyumbu wa mizigo, na Rosamel hajawahi kuvaa skii, zile mbao za kutelezea, hata siku moja. Enzi za ujana wetu skii zilikuwa za wageni, sisi tulizibeba. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya shemeji yangu ilikuwa imefika miaka ya kustaafu bila kukatika.

Mwaka huo theluji iligoma. Likizo ya Julai ilikuwa inabisha hodi na mlima ulikuwa wa kahawia kama mkate. Mimi ninakodisha minyororo ya kufunga kwenye magurudumu ya magari yasiteleze, kisha nakaanga sopaipilla hapo hapo chini ya mlima. Bila theluji hakuna anayetaka minyororo, na bila baridi hakuna anayetaka andazi la moto. Wenye vyumba vya kupangisha walikuwa wakifuta vumbi tu, na bila likizo ile hatuli hadi majira mengine.

Basi Doña Eduvina, mkuu wa chama cha Mtakatifu Isidro, akaamua tumtoe mtakatifu kanisani, yaani sanamu yake. Kwetu yeye ndiye wa mvua, na theluji ni mvua iliyovaa vizuri. Akiombwa kwa adabu asisikie, huombwa bila adabu. Eduvina akamvua poncho lake, tukambeba kwa nyimbo, tukamsimamisha kwenye dirisha la kibanda cha mtambo, uso kuelekea mlimani.

"Kaa hapo uone mwenyewe," akamwambia. "Ukishikwa na baridi utatukumbuka."

Kisha zikafuata nadhiri. Huku nadhiri husemwa kwa sauti mbele ya watu, ili mtakatifu akisahau, majirani wakumbushe. Eduvina aliahidi kwenda kwa magoti kutoka darajani hadi kanisani. Mwokaji mikate aliahidi kutogusa pombe mpaka Septemba, mkewe akaitikia amina iliyotikisa mabati. Watu wakanigeukia mimi. Nikaahidi kwamba theluji ikianguka, sitamsema mtu vibaya wiki nzima.

"Mtakatifu, mpokee haraka," sauti ikasema nyuma yangu. "Hiyo ni ngumu kuliko magoti."

Niliijua sauti ile, na mwenyewe bado namngoja.

Ikafika zamu ya Rosamel. Alitazama anga. Hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa, na redio ilikuwa imetangaza ukavu mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwona anapiga mahesabu, kwamba hapa mtu anaweza kuahidi kikubwa bila gharama. Akaweka mkono gotini.

"Theluji ikianguka kabla ya likizo," akasema, "mimi Rosamel nitashuka kwa skii kutoka Jiwe la Kondoo hadi mlango wa kanisa. Na goti hili hili."

Wanawake walilia. Nolfa hakulia. Alimfinya mumewe mgongoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kesho yake asubuhi mlango wangu ulikataa kufunguka. Nilitokea dirishani kama mwizi, nikazama kwenye theluji mpaka kiunoni, na nikacheka peke yangu kwa furaha. Kabla ya chakula cha mchana magari yalikuwa yamepangana barabarani, vidole vyangu vimekufa ganzi kwa kufunga minyororo.

Nadhiri zikaanza kulipwa. Eduvina alikwenda kwa magoti kutoka darajani, na chini ya sketi alikuwa amefunga mito miwili ya kochi. Kila mtu aliiona. Hakuna aliyesema kitu, na mimi kuliko wote. Nilimeza maneno yale mpaka tumbo likaniuma.

Rosamel alisema kesho. Kesho ilipofika ukawa upepo, halafu ukawa mwanga mbaya, halafu goti limevimba kidogo. Alipandisha wageni huku mtakatifu amempa mgongo pale dirishani, bila poncho, akingoja. Wageni nao walikuwa wamesikia. "Ni leo, Don Rosamel?" waliuliza, na yeye akashusha pumzi ile yake.

Kisha ukaja upepo wa joto kutoka ng'ambo ya milima. Mapaa yakaanza kudondosha maji, na kila tone lilihesabiwa juu ya kichwa cha shemeji yangu. Ahadi ni deni, na hili mtakatifu alikuwa akilidai kwa kijiji kizima. Eduvina alikuja mezani kwangu akanunua sopaipilla ambayo hakuitaka.

"Doña Uberlinda, shemeji yako anatuyeyusha."

"Don Rosamel ni mtu mwema," nikasema.

Akaniangalia usoni. "Unaumwa?"

"Ni mtu mwema, mwenye sifa nyingi."

"Kalale, mwanangu," akasema, akaondoka akijifanyia ishara ya msalaba.

Hajageuka kona, Nolfa akafika, macho mekundu.

"Dada, sema."

"Niseme nini?"

"Habari ya nyumbu. Waambie watu hajui kuteleza, wamwache. Atakufa kule juu! Mimi mkewe nikisema nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Wewe ukisema, ni wewe tu, wamezoea."

"Nolfa, nina nadhiri."

"Maisha yako yote umesema bila kuombwa! Leo nakuomba kwa machozi, ndiyo umekuwa mtawa?"

Hasira ilinipanda, hasa kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikazima jiko nikaenda kibandani. Rosamel alikuwa ameketi karibu na jiko dogo la moto na chai imempoa mkononi. Pembeni ya ukuta zilisimama skii za kuazima, nyekundu, mpya.

"Shemeji," nikamwambia, "inuka twende kwa Eduvina ukaseme mwenyewe. Mtu mzima kuogopa mlima si dhambi."

"Mlima siuogopi."

"Unaogopa nini basi?"

"Wasije wakaniona." Akaizungusha chai. "Uberlinda, theluji ikoje?"

"Ya baridi. Nimezima jiko langu kwa hilo?"

"Ukiwa juu yake, unaposhuka. Ile hariri si yangu. Niliisikia kwa mwanamke mmoja kwenye foleni, zamani. Kila siku nawapandisha watu na nyuso zao za kawaida, wanarudi na nyuso nyingine. Mimi nimeshika mtambo tu. Sijui pale katikati wanakutana na nini."

Nilivuta kigoda nikaketi. Nilimhurumia, nasema wazi, na sikupenda kumhurumia, nilizoea kumkasirikia.

"Maji umeshayavulia nguo, shemeji," nikamwambia.

"Sina budi kuyaoga."

"Maliza chai kwanza."

Mchana huo huo habari zilienea, na Nolfa ndiye aliyeshika mtambo. Alimvuta mumewe polepole mno hata wageni wakadhani kamba imekwama. Eduvina alimtoa mtakatifu dirishani akamwinua ili aone vizuri. Kijiji kizima kilikuwa pale chini, na foleni ya wageni ilivua kofia.

"Angalieni vizuri," bwana mmoja wa Santiago akawaambia wenzake. "Mtaona mtindo wa zamani."

Don Rosamel alisimama juu kwa muda. Halafu akaja. Hakukata kushoto penye jiwe, wala hakukata popote. Alikuja wima, mikono imetanuka, akipiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Wageni, ambao kwa miaka walimtii kila alipotamka neno hilo, wote wakahamia kushoto, na ndicho kilichowaokoa, kwa sababu yeye alipitia kulia. Fimbo zilimtoka kwanza. Ikafuata kofia. Ikafuata skii ya mguu wa kulia, ambayo haikuwa na haja naye tena. Iliendelea peke yake, ikashuka mtaa, ikagonga mlango wa kanisa, ko!

Yeye alikomea kwenye meza yangu, kichwa chini ya benchi, sopaipilla mbili mgongoni.

Hakuna aliyewahi kushuka kama mwewe akasahau kiasi kile, na kila aliyekuwa pale alilielewa hilo papo hapo. Walilitazama goti. Kisha wakanitazama mimi, maana katika kijiji chetu jambo halijawa jambo mpaka nilitamke. Wiki yangu haikuwa imekwisha. Nolfa kule kibandani alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Don Rosamel," nikasema, "tangu nizaliwe sijaona mtu akishuka hivyo."

Ilikuwa kweli, na hapakuwa na baya ndani yake. Hata mtakatifu angenitetea.

Eduvina akakohoa. Ana moyo mzuri, mito au bila mito. "Skii imefika kanisani," akatangaza. "Nadhiri tunaihesabu imelipwa. Mwinueni mzee."

Rosamel alijiinua mwenyewe. Masharubu yalikuwa meupe, sikio moja linatoka damu kidogo. Aligeuka akautazama mlima, na mimi niliyekuwa karibu niliuona uso wake. Haukuwa ule wa kila siku.

"Niliahidi mimi, Doña Eduvina," akasema. "Sikuahidi ubao. Nolfa! Washa mtambo!"

"Goti lako, Don Rosamel!" yule bwana wa Santiago akapiga kelele.

"Goti ni zima. Lilipigwa teke na nyumbu tu." Alilisema mbele ya watu wote, kama mtu anayetaja saa. "Nileteeni skii yangu pale mlangoni."

Watu walicheka, ndiyo, walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye theluji. Lakini walimletea skii. Alipanda, akaanguka, akapanda tena, na jua lilipoanza kuegemea mlima aliufikia mlango wa kanisa kwa makalio, skii zote mbili zikiwa miguuni. Eduvina alimvisha mtakatifu poncho lake. Kama upepo wa joto ulitulia saa hiyo au haukutulia, siwezi kusema. Watu wote wale walikuwa na njaa na mimi nilikuwa nakaanga.

Asubuhi iliyofuata niliwasha redio kama kawaida, nikasubiri unga na hariri.

"Wasikilizaji," sauti ya shemeji yangu ikasema, kavu kidogo, "theluji ya leo asubuhi ni ngumu kama sakafu ya kanisa. Nina uhakika kwa mwili mzima. Adhuhuri italainika, njooni adhuhuri." Simu ikakwaruza, nikadhani imekatika. "Na ile hariri niliyowaambia, si hariri. Neno lake bado sijalipata. Leo mtambo anao mke wangu. Mimi napanda."