Ndege Iliyozimwa na Kwaya

Nilifika Kariobangi juu ya lori la mbuzi. Tulitoka Moyale alfajiri, na njia nzima nilikalia vyuma vya juu, kazi yangu ikiwa kupiga kelele kila mbuzi alipolala ili tushuke tumwinue asikanyagwe. Marsabit, Isiolo, Nanyuki: sikumbuki chochote cha miji hiyo ila migongo ya mbuzi. Tuliposhuka Kiamaiko, soko la mbuzi jirani na Kariobangi, nilinuka hivi kwamba mwenye nyumba wa kwanza alizungumza nami kupitia dirisha. Wa pili alikuwa na mafua; huyo akanipa chumba. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, nina cheti cha kidato cha nne na tabia ya kuhama kabla godoro halijapata umbo langu.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mume na mke. Mume alikuwa fundi wa redio, mtu wa Kakamega, na Jumapili ndiye aliyesimamia vipaza sauti kanisani. Mke alikuwa fundi wa nguo. Walikuwa na meza moja kubwa kando ya dirisha, mahali penye mwanga mzuri, na juu ya meza hiyo kulikuwa na ndege.

Ndege ya kurushwa kwa rimoti! Fundi aliiunda kwa miezi sita, kwa zile plastiki nyeupe nyepesi zinazofungiwa friji mpya. Mabawa yalikuwa mapana kuliko mlango. Nilipoiona nilicheka kwa furaha, naye akacheka, na tangu siku hiyo sikula tena peke yangu.

"Shemeji, usimchochee," mkewe aliniambia. "Ya kwanza ilikaa hewani muda wa kupiga chafya. Jumamosi anarusha hii. Ikianguka, meza ni ya cherehani yangu, yeye akatengenezee redio zake kitandani."

"Haitaanguka," fundi alisema.

"Hata ile ulisema hivyo ikiwa imeshaanguka."

Tulikuwa na siku nne. Fundi alikuwa amepata programu ya kompyuta ya kujifunzia urubani, ambamo unaweza kuangusha ndege mia bila kupoteza hata tone la gundi. Kazi ilikuwa kuiunganisha na rimoti yake ya mitumba kutoka Gikomba, yenye vijiti viwili na tundu la duara mgongoni. Alikata waya wa iafoni mbovu za masikioni, akauchomelea kwenye plagi ya tundu lile, ncha ya pili akaichomeka pale kompyuta inapopokea maikrofoni. Rimoti, alinieleza, huongea kwa mvumo. Ukisogeza kijiti mvumo hubadilika, na programu huusoma.

Alisogeza kijiti. Kwenye skrini ndege ikapaa! Tukapiga kelele. Kisha, kabla hatujavuta pumzi, ikatusahau na kujitupa nyasini.

Ikawa hivyo kila mara. Tulichomelea upya mara tatu. Siku ya pili fundi akachomeka waya kwenye spika kubwa ya kanisa ili tuusikie mvumo wenyewe. Mrrrrr! Vikombe vilitembea rafuni. Nikisogeza kijiti, sauti ilipinda kama nyuki anayekata kona.

"Wasee, mnasaga mahindi ama?" sauti ilitoka ghorofani.

"Rimoti ni nzima," fundi alisema, jasho likimtoka. "Sijui ni nini tena."

Mkewe alitoa pini mdomoni. "Hiyo si ndiyo kompyuta mnayorekodia kwaya?"

"Ndiyo."

"Na si wewe ulijigamba kwa pasta kwamba umeifunza kufuta kila mvumo? Wa feni, wa friji, wa jenereta?"

Fundi akaiinamia kompyuta. Masikini kompyuta! Ilikuwa inatusikiliza kidogo, inatambua kwamba huu ni mvumo tu, inaufuta kwa uaminifu kwa ajili ya kwaya. Aliondoa alama moja ndogo kwenye mipangilio. Ndege ikapaa, ikabaki juu. Tulicheza pale sakafuni, watu wazima wawili, mpaka ndala yangu ikakatika.

Kurusha kukawa jambo jingine. Fundi alikaza vijiti kama anafunga nati. Mimi nilijua kwenda mbali lakini sikuweza kugeuza. Mkewe aliomba kujaribu huku akingoja pasi ipate moto. Akazunguka mara moja, mara mbili, akatua kama anayeweka mtoto aliyelala.

"Ni kama kushona kola," alisema. "Huivuti, unaisindikiza."

Kufikia Ijumaa yeye hakuwa ameangusha hata moja. Fundi akakuna kichwa. Mtu pekee aliyeweza kurusha ndege yake ndiye ambaye angepata meza ikianguka.

"Mama watoto, utanirushia?"

"Ikianguka, meza?"

"Yako."

"Na isipoanguka?"

"Yangu."

Alicheka hadi akakaa chini. "Sasa mimi niwe mjinga niitue salama?"

Jumamosi tulikwenda Joska, kwenye uwanda mtupu. Fundi aliirusha kwa mkono, na ikaenda, Mungu wangu, ikaenda! Nyeupe, nyepesi, juu ya miiba. Katikati ya mzunguko mke, rimoti mkononi, akaielekeza chini makusudi. Fundi akashika kichwa. Mke akainyanyua.

"Nilitaka kuona uso wako tu," alimwambia, kisha akaitua nyasini.

Fundi alikumbatia ndege kwanza, mkewe baadaye.

"Umekosea mpangilio," mke akasema. "Meza baki nayo. Rimoti ni yangu."

Nilikaa nao mpaka mvua za masika zikaisha. Kisha nikapata kazi ya stoo Kitui, na nilijijua, sikuwa mtu wa kurudi. Ilikuwa Jumamosi, siku yao ya kurusha, kwa hiyo nilimwomba dereva wa pikapu iliyonibeba asimame Joska niwaage. Ndege ilikuwa juu. Fundi alikuwa chini yake, mikono mbele, akikimbia na kusihi apewe zamu, hata moja tu.

"Shemeji, nisamehe, siwezi kupunga mkono!" mke alipiga kelele bila kunitazama. "Natua!"

Dereva alipiga honi. Tuliondoka ndege ingali hewani, na tulipofika barabarani nikasikia fundi akishangilia kwa sauti ya kwaya nzima.