Kiti cha Fundi wa Kampala

Nilikuwa kwenye duka la ushonaji huku Biryogo, Kigali, nikingoja gauni langu la Idi, na masikio yangu yalikuwa wazi kama kawaida, alipoingia fundi aliyerudi kutoka Kampala kutafuta kazi. Tajiri mwenye duka alimwonyesha cherehani na sanduku la sabuni la kukalia.

"Kampala nilikuwa na kiti chenye mgongo, tajiri. Na saa nne tulikuwa tunaletewa chai."

"Basi rudi Kampala."

"Kule kiti kipo, kazi ndiyo imekwisha."

"Hapa kazi iko. Kalia sanduku."

Akalikalia, mkono ukishika kiuno kinachomuuma. Roho iliniuma, nikampelekea kiti changu cha jikoni.

Jana nilipita kuchungulia. Utaratibu wa Kampala umefika Kigali: kiti anakalia tajiri, na saa nne analetewa chai. Fundi yuko palepale, juu ya sanduku.