Mama Mkwe na Televisheni Iliyosimama

Televisheni yetu ilitengenezwa ilale, kama televisheni za watu wote. Sitaki kumsingizia mtu: mimi ndiye niliyeisimamisha.

Nianze na sababu, maana mke wangu akisimulia habari hii huiruka sababu na kwenda moja kwa moja kwenye aibu. Nilipokuwa mdogo hapa Likasi, kulikuwa na ukumbi karibu na soko wenye mashine tatu za michezo. Mbili zilikuwa za kupigana ngumi. Ya tatu ilikuwa ya ndege: kidege chako kiko chini kabisa, maadui wanateremka kutoka juu, wewe unapiga na kukwepa mpaka sarafu yako iishe. Kioo cha mashine ile kilisimama wima, kirefu, ili uwaone maadui tangu wakiwa mbali. Niliipenda mashine ile kuliko shule, na shule ililijua hilo.

Leo nina miaka arobaini na kitu, ni karani katika ofisi ya magari ya mizigo, tumbo limeshatangulia mbele, na mchezo ule ule umo ndani ya kompyuta yangu kuukuu. Lakini ukiuonyesha kwenye televisheni iliyolala, unapata ukanda mwembamba katikati, giza kushoto na giza kulia. Ndege zinakuwa ndogo kama chawa. Mwanaume mzima huwezi kurudi kutoka kazini ukapigane na chawa.

Kwa hiyo nilimwendea fundi wa kuchomelea wa mtaa wetu, akanitengenezea kishikio cha chuma cha kufunga ukutani, chenye bolti moja kubwa katikati. Unailegeza bolti, unaizungusha televisheni, unaikaza. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo ilihitaji spana kubwa, jirani wa kushika televisheni, na robo saa ya jasho na kelele. Tena kuna jambo ambalo sikulifikiria. Kompyuta ukiiambia igeuze picha, inageuza. Dekoda ya chaneli haigeuzi. Televisheni ikisimama, dunia yote ya dekoda inalala ubavu: wacheza mpira wanapanda ukuta, na msomaji wa habari anakusomea akiwa kitandani.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama yake alitarajiwa kuja kumsaidia uzazi. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniangalia nikikaza bolti.

"Papa, utairudisha vile ilikuwa, mbele Mama afike?"

"Kesho," nikamjibu.

Kesho yake, Jumapili, nikiwa katikati ya vita vyangu vya ndege, uchungu ulimshika. Tulikimbia hospitali. Daktari aliona mtoto amekaa vibaya, akaamua kumpasua mke wangu. Tukapata msichana. Tulikuwa tumemngoja miaka sita, na nilipompakata nililia mbele ya manesi bila kujificha. Siku tano baadaye tuliporudi nyumbani, mama mkwe wangu alikuwa ameshafika kutoka Kakanda, amefunguliwa na jirani, ameketi sebuleni mbele ya televisheni iliyosimama.

Hapa lazima nieleze jambo. Sisi ni watu wa Kasai, ingawa babu yangu aliletwa huku kuchimba shaba, baba yangu akazaliwa huku, na mimi Kasai naijua kwa kusimuliwa tu. Mengi tumeyasahau. Heshima ya mama mkwe hatujaisahau. Humtazami usoni, huli mbele yake, huketi naye uso kwa uso, na likiwapo neno, linapitia kwa mtu mwingine. Mimi nikifika mlangoni nakohoa. Yeye akisikia anajifunika kichwa kwa kitenge na kugeukia ukuta. Napita nikitazama vidole vya miguu yangu, naingia jikoni, nakula bukari, ugali wetu wa huku, peke yangu, nakwenda kulala chumba cha uani. Miaka sita ya ndoa sikuwa nimeuona uso wake hata mara moja. Siku ya harusi nilitazama viatu vyake, vilikuwa vyeusi. Nilimjua kwa sauti na kwa visigino.

Na safari hii nilimhitaji sana. Daktari alikuwa amemkataza mke wangu kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto mpaka kidonda kipone, na alisema kitachukua wiki sita. Nani angefua, nani angechota maji, nani angemwogesha mtoto? Mama yangu mzazi alishafariki. Mimi mchana kutwa niko kazini nikihesabu malori. Mama mkwe akiondoka, tumekwisha.

Mtu mwenye akili angeigeuza televisheni siku ile ile. Lakini nitaingiaje sebuleni na spana, nipige kelele robo saa, wakati mama mkwe amekaa pale amejifunika, anageukia ukuta? Ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia hivyo kwa siku tisa.

Sasa nakiri. Kila siku saa kumi, nikitoka kazini, mama mkwe huingia chumbani na mtoto. Anamwogesha, anampaka mafuta, anamwosha mke wangu, wanapiga gumzo. Saa nzima sebule haina mtu, kati yangu na wao kuna pazia tu. Robo saa ingetosha kuigeuza. Lakini nikiingia, naiona imesimama vile, ndefu, inanisubiri, na kompyuta iko pale chini. Nasema: mara moja tu, bila sauti. Napanda kidege changu. Nafika kwenye daraja la hatua ya nne, mizinga miwili inatokea upande wa kulia, nakufa. Narudia. Nakufa pale pale. Saa inakwisha, nakohoa, naondoka. Siku tisa.

Jumapili, siku ya tisa, nilikuwa uani nikipita chini ya dirisha la sebule. Nilisikia sauti ya mhubiri, nikachungulia kidogo, na Mungu anisamehe. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, kichwa juu ya kitenge kilichokunjwa, mgongo kwangu. Pembeni yake mtoto wangu, naye amelazwa ubavu. Wote wawili wanamtazama mhubiri ambaye kwao sasa alikuwa amenyooka vizuri, anawaambia waamini wasimame imara. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani amejitafutia dawa yake mwenyewe na mambo yamekwisha.

Kesho yake mke wangu alinifuata jikoni, taratibu, mkono kwenye tumbo.

"Mama anasema siku ya posho atarudia Kakanda."

Siku ya posho kwetu ni Jumamosi. Kijiko kilinikwama mdomoni. Nikamuuliza tumemkosea nini.

"Shingo inamuluma. Hawezi hata kugeuza kichwa. Minye nikamuuliza, Mama, ju ya nini hukusema? Anasema: nitasema nini? Ile tele imeharibika, bwana yako hana namna ya kununua ingine. Nimupatishe haya mu nyumba yake?"

Mama yule alikuwa amevunjika shingo siku tisa kwa ajili ya kulinda jina langu. Alidhani sina kitu, akaamua kuutazama umaskini wangu kiubavu kuliko kuniaibisha. Na mimi, saa nzima kila siku, nilikuwa napiga ndege. Niliona haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

"Weye ulisema kesho," mke wangu akasema. "Kesho gani hii ya siku tisa?" Halafu akaanza kulia, na kulia kwenyewe kulimuuma kidonda, ikabidi aache. "Akienda, minye nitafanya namna gani?"

Siku iliyofuata niliomba ruhusa ofisini. Saa tisa na nusu nilikuwa nyumbani na spana na jirani, na jirani hakunyamaza hata dakika moja. Alitaka kujua kama jikoni nako nimegeuza kitu. Mama mkwe aliingia chumbani mapema kwa ajili ya kelele. Tulilegeza, tukazungusha, tukakaza. Jioni ile mhubiri alisimama kwa miguu yake miwili. Mimi nilikaa jikoni nikingoja hukumu.

Mke wangu alitokea amejikunja, ameshika tumbo. Nilisimama nikidhani ni kidonda. Kumbe anacheka, na kucheka nako kulikuwa kunamuuma.

"Mama anauliza, ile ya ndege imeenda wapi?"

"Ya ndege gani?"

"Ile unachezaka saa kumi. Anaonaka yote mu pazia. Anasema unakufaka tu fasi moya, pale pa kilalo. Anasema ukipita ku kuume ile mizinga inakupata. Upite ku kushoto."

Hata daraja alilijua. Nilikaa chini.

"Na safari ya Kakanda?"

"Anasema hawezi kuenda vile. Ataangalia kwanza kama utapita." Mke wangu aliinama karibu na sikio langu. "Papa, usipite kwanza. Kidonda yangu haiyakauka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliipaka bolti grisi nikaweza kuigeuza peke yangu. Saa kumi naisimamisha, saa kumi na moja nailaza. Mimi nakaa mbele kwenye kigoda, uso kwenye kioo. Mama mkwe anakaa nyuma kabisa, karibu na pazia, mtoto mapajani. Simtazami, hanitazami usoni. Mila zetu zilisema mengi kuhusu uso. Kuhusu mgongo hazikusema kitu. Na kwa kuwa hawezi kusema na mimi, alisema na mtoto.

"Ambia papa yako kuko moya anatoka juu."

Mtoto wa wiki tatu, ananyonya kidole.

"Ambia papa yako asikimbie-kimbie. Atulie kama bantu bengine."

Wiki ya kwanza sikuhitaji kujilazimisha; nilikufa kwa uwezo wangu mwenyewe. Baadaye mkono ulizoea, na nikaona kabisa kwamba upande wa kushoto wa daraja uko wazi, kama alivyosema. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kila siku nilifika darajani, nikamkumbuka mke wangu na maji ambayo hawezi kuchota, nikakata kulia, nikafa. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi kwa hasira.

"Ambia papa yako, masikio njo ya kufanya nini?"

Mke wangu, kitandani nyuma ya pazia, alikuwa anauma shuka asicheke. Mimi shingo ilikuwa inawaka moto. Si jambo dogo kuonekana mjinga kila siku mbele ya mtu ambaye kwa miaka sita ulitaka akuone mtu wa maana. Lakini nakuambia, nilianza kuondoka ofisini mbio. Wenzangu walidhani ni mtoto. Alikuwa mtoto, kweli. Lakini pia ilikuwa ile sauti nyuma yangu. Tangu mama yangu afe, hakuna mtu aliyekuwa ameketi nyuma yangu akanigombeza kwa faida yangu.

Wiki ya sita ilipokwisha tulirudi kwa daktari. Alitazama, akabonyeza, akasema kidonda kimepona, mama anaweza kuinua ndoo. Nje ya hospitali mke wangu aliniambia, "Basi. Sasa unaweza kupita."

Ijumaa ile begi la mama mkwe lilikuwa limeshafungwa, limewekwa mlangoni tangu asubuhi. Saa kumi niliisimamisha televisheni kama kawaida. Yeye alikaa mahali pake. Hakusema neno, hata kwa mtoto. Nilipita hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafika darajani. Vidole vilitaka kwenda kulia kwa mazoea. Nikavikaza, nikakata kushoto. Mizinga ikapiga hewa. Daraja likapita chini ya kidege changu, polepole, na ng'ambo yake kulikuwa na bahari ya buluu ambayo sikuwa nimewahi kuiona tangu utoto wangu.

Nilipiga kelele. Na kwa ile furaha, nikageuka.

Nilimtazama mama mkwe wangu usoni, macho kwa macho. Hakuwa amejifunika. Alikuwa amemwinua mtoto juu kwa mikono yote miwili, anacheka, na ana pengo la meno ya mbele lile lile la mke wangu. Sote tuliganda. Nilijua nimefanya kosa ambalo kwetu halifanywi, na sikuweza kuondoa macho.

"Angalia mbele, mutoto yangu!" akapaza sauti, kwangu, si kwa mtoto. "Unakufa!"

Niligeuka. Nilikuwa nimeshakufa. Kidege hakipo, bahari inaendelea kuteremka peke yake.

Nyuma yangu nilisikia kitenge kikivutwa juu ya kichwa. Nilikaa nikitazama miguu yangu, nikifikiria kuku wa faini nitakayempeleka, na nani ataubeba ujumbe wa kuomba msamaha. Halafu alimsemesha mjukuu wake, kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Ambia papa yako, ile haihesabiwe. Hakupita muzuri. Aanze tena siku ya kwanza."

Siku ya kwanza ni Jumatatu. Gari la Kakanda liliondoka Jumamosi, na yeye alikuwa kwetu uani anaanika nepi.