Siku Saba za Kumrudisha Shoga Yangu

Nilikuwa na ulimi. Malindi nzima ililijua hilo, na mimi nilijivunia ulimi wangu kama wenzangu walivyojivunia vikuku vya fedha. Katika chama chetu cha ngoma ya lelemama mimi ndiye niliyetunga nyimbo za kuwakejeli wapinzani, na siku za mashindano wanawake walifurika uani kusikiliza ni nani leo atakayevuliwa nguo bila kuguswa.

Shoga yangu tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukavunja ungo mwaka mmoja, tukaolewa msimu mmoja. Akahamia chama cha upande wa pili kwa sababu waliahidi kumweka mbele kwenye safu. Ndiyo yote. Mimi nikaona urafiki wa miaka ishirini umesalitiwa, nikatunga wimbo wa mnazi mrefu usiotoa hata kidaka. Kila mtu alijua ni nani aliyekaa na mume miaka kumi bila mtoto. Wimbo ulipendwa mno, hata wateka maji waliuimba kisimani. Husemwa bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Nilipiga teke huku naona.

Hatukusemezana tena. Kabla ya Maulidi akashikwa na homa, na hakuinuka.

Matangani nililia kuliko mama yake. Wanawake walinitazama, nami nilijua wanafikiri nini, maana ningekuwa wao ningefikiri vivyo hivyo. Nilimpenda. Na pamoja na kumpenda niliogopa, kwa kuwa tulifundishwa chuoni kwamba Mungu husamehe haki zake, lakini haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Mja wangu alikuwa kaburini, na radhi yake alikwenda nayo.

Basi Alhamisi moja, baada ya arobaini, nikamsomeshea hitima, na Jumamosi nikenda kwa fundi wa pepo. Mwalimu wetu angejua angesema nimetoka katika dini, kwa hiyo nilihakikisha hajui. Hiyo ndiyo iliyokuwa taqwa yangu.

Fundi alikuwa mwanamke mnene mpenda halua. Aliniambia maiti hurudishwa kwa siku saba tu, na si kwa mwili wake, maana huo umekwisha kuchukuliwa na udongo. Hurudi kwa mwili wa yule wa mwisho aliyemlisha na kumwogesha katika ugonjwa. Mtu huyo atakuwa kiti chake: atavikwa nguo za marehemu, atakula vyakula vyake, ataitwa kwa jina lake, mpaka mwenyewe aingie na kutulia. Nikauliza, na mwenye mwili huo atakuwa wapi siku hizo saba? Akasema atakaa pembeni. Jibu hilo lilinitosha, kwa sababu mwenye mwili alikuwa mtu niliyezoea kumwona pembeni.

Alikuwa mjakazi wa nyumba ya shoga yangu. Serikali ilipotangaza kwamba watumwa wote ni huru, wenziwe waliondoka, yeye akabaki kumuuguza bibi yake kwa hiari. Baada ya matanga alikwenda Kakuyuni, akalima mahindi kwenye pembe ya shamba la mume wangu, kwa ruhusa yetu. Mume wangu aliinung'unikia sana ile sheria. Mimi niliisifu mbele ya mabibi wenzangu, nikisema binadamu wote ni wa Mungu.

Nikamtumia mtu aje, amweleze na ya fundi. Akajibu kwa adabu kwamba anapalilia, na kwamba hapendi kuitwa jina la mtu mwingine. Nikamtumia tena, nikisema shamba halikosi mlimaji mwingine kabla ya mavuno. Kesho yake alifika. Sikuuita utumwa. Niliuita kumheshimu marehemu.

Tukamweka chumbani, tukamfukiza ubani, tukamvika leso za shoga yangu. Siku ya kwanza alikaa kimya kama mtu anayengoja zamu yake. Siku ya pili nilipomwuliza anataka nini, akasema mkate wa sinia. Shoga yangu alikuwa haupiti mkate wa sinia! Nililia mpaka fundi akaninyamazisha. Siku ya tatu akataka samaki wa kupaka. Siku ya nne akataka kuoshwa miguu na kusuguliwa visigino kwa jiwe, maana vimepasuka. Nikapiga magoti, nikasugua. Maishani mwangu sikuwahi kuosha miguu ya mtu ila ya wanangu. Wala haikunijia kujiuliza ni lini shoga yangu, ambaye hakuwahi kushika jembe, alipata visigino vya namna ile. Fundi alisema dalili zote ni njema, akamalizia halua.

Siku ya saba, baada ya swala ya alasiri, fundi akanambia wakati umefika. Nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Shoga," nikasema, "nipe radhi."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Radhi ulishapewa, bibi. Alin'tuma nayo siku tatu kabla hajafa. N'kaja nayo mpaka mlangoni kwako, ukan'rudisha."

Shoga yangu hakuwahi kuniita bibi hata siku moja.

Nikakumbuka. Nilikuwa ukumbini na wageni, na mwanamke huyu akasimama kwenye mlango wa mbele, amevaa buibui na viatu kama binti wa watu. Akasema ametumwa. Sikumwacha afike mbali. Nilimwambia kwamba nyumbani kwangu wajakazi hupita nyuma, na viatu huvuliwa huko huko. Wageni walicheka. Yeye alisimama kidogo, kisha akaenda zake, nami nikaendelea kugawa tambuu.

Sasa alikuwa anavua leso za marehemu, anazikunja moja moja na kuziweka kitandani.

"Alin'ambia nipite mbele," akasema, "nikwambie mbele za watu, kwa kuwa wimbo nao uliimbwa mbele za watu. Amekusamehe. Hilo ndilo alilosema."

Nikamwuliza kwa nini amekaa siku saba bila kutwambia kwamba marehemu hakuja. Akasema kila siku tulimwuliza anataka nini, naye alijibu. Fundi alikuwa ameshaanza kufunga vitu vyake.

Akavaa buibui lake, akasimama kizingitini, akanitazama. Hakuwa na haraka. Nilikuwa nimepata nilichokitaka kwa aliyekufa, na ikabaki radhi ya aliye hai, aliyesimama hatua tatu mbele yangu, na miguu yake ni safi kwa mikono yangu mwenyewe. Nilijua la kusema. Juma zima nilikuwa nalifanyia mazoezi neno hilo hilo. Ukumbini nilisikia mawifi zangu wameingia, wanapiga hodi na kucheka.

Nikafungua kinywa, na ulimi ule ambao haukuwahi kuniangusha ukasema, "Pita nyuma. Mbele kuna wageni."

Alipita mbele. Nilimsikia akiwaamkia mawifi zangu, nao wakaitikia kabla hawajajua ni nani.

Kakuyuni hakuonekana tena. Mahindi yake yalipokomaa mume wangu aliagiza yavunwe, yakaletwa nyumbani, tukayala.