Majibu Niliyoyafupisha

Mwanamke yule Mmarekani alinichosha tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa mkalimani wake kwenye mikutano ya wanawake kuhusu haki zao za ardhi, Handeni na Korogwe, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na hakuwa na mwingine. Hakuanza hata siku moja na kilichotuleta. Alianza na maisha yake: alivyobisha hodi nyumba kwa nyumba akiomba kura, alivyoshindwa udiwani mara mbili, alivyowekwa mahabusu kwa kukaa mlangoni mwa bunge la jimbo lao akidai wanawake walipwe sawa na wanaume. Nami nilitafsiri yote, juani, tumbo tupu.

"Mkalimani, leo mvushe haraka pale pa mahabusu," mama mmoja wa Hale aliniambia. "Ugali unapoa."

Watu walicheka. Nikaanza kumfupisha. Dakika zake kumi nilizifanya mbili, na kwa vile hakujua Kiswahili, nilijiona fundi.

Huko Mnyuzi akasimama mjane. Mashemeji zake walikuwa wamemletea karatasi ya kuwaachia shamba aweke dole gumba, afanyeje? Mmarekani akazunguka na hadithi zake kama kawaida yake, kisha akasema: asiweke dole popote mpaka baraza la ardhi limsikilize. Hayo niliyasikia vizuri. Lakini nilikuwa na njaa, na mashemeji wenyewe walikuwa wamekaa mbele yangu wakinitazama.

Nikasema, "Anasema mkae kifamilia, myamalize."

"Ahsante, mama," mjane akajibu.

Aliweka dole wiki ileile. Tangu hapo analima kibarua kwenye mashamba ya watu.

Mwaka huu, baada ya miaka mingi, amefungua shauri. Mashemeji wanajitetea kwamba Mzungu mwenyewe ndiye aliyemshauri akubali. Mmarekani, ambaye sasa ni bibi kizee anayeishi Korogwe na Kiswahili anakijua, alinijia nyumbani.

"Ulimwambia nilichosema?"

"Nilimwambia kwa kifupi."

"Kifupi kipi?"

Kesho yake akaja mjane.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Barazani utasema yote, au utafupisha?"

Nilisema yote, hata ile njaa. Shemeji mkubwa akaniita kigeugeu mbele ya watu, na sikumbishia. Baraza limeahirishwa mpaka wajumbe wakalione shamba. Mjane alipita mbele yangu akitoka, hakunishukuru. Sijui angenishukuru kwa lipi.