Mama Madhara na Dakika Tatu

Madhara kwanza, sifa baadaye. Kanuni hiyo alijiwekea mwaka wake wa kwanza wa kutembeza dawa za kampuni kwa madaktari, baada ya mzee mmoja kuvimba midomo na ulimi kwa vidonge vya presha ambavyo yeye mwenyewe alivisifu mbele ya daktari, karatasi ya maelezo ikiwa imelala mkobani. Mzee alipona. Yeye hakupona. Tangu hapo, kabla ya kubisha mlango wa daktari yeyote, huikunja karatasi upya ili upande wa madhara uwe juu. Ndipo madaktari wakambandika jina la Mama Madhara.

"Kaja Mama Madhara!" daktari wa watoto hutangaza hadi ukumbi mzima wa wagonjwa usikie. "Leo dawa yako inaua au inalemaza tu?"

"Inaharisha, daktari. Habari ya kuponya inafuata."

Walimcheka, na dawa zake waliziandika, kwa kuwa walijua hatawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kampuni yake ilipofungwa, zikaja nafasi mbili katika juma moja. Ya kwanza ilikuwa kampuni ndogo ya dawa za minyoo na ngozi, timu ya watu wanne, huko huko alikozoea, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Ya pili ilikuwa kampuni kubwa, na timu yake ilikuwa katika mji alimoishi mumewe, fundi saa, na binti yao wa miaka saba.

Kwa miaka mitatu walionana mwisho wa mwezi tu. Kila jioni alipopiga simu, kabla ya sauti ya mumewe alisikia saa za ukutani dukani, kila moja ikigonga kwa wakati wake. Alizitamani kelele zile. Alitamani kumsuka binti yake siku ya Jumanne isiyo na maana yoyote, amgombeze kwa kulala bila kunawa miguu. Alitamani kuwa mama wa kila siku, si mgeni wa kutandikiwa shuka safi.

"Mke wangu, safari hii Mungu katukumbuka," mumewe alimwambia. "Kitanda kimezama upande mmoja, kinangoja mizani."

"Mizani? Kwani nimenenepa kiasi hicho?"

Kwenye usaili wa kampuni kubwa, meneja alijifanya daktari. Akaweka saa mezani. "Dada, dakika tatu. Niuzie hii ya maumivu ya viungo."

Akaifungua karatasi. "Daktari, dawa hii huchubua tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo asipewe, na wazee..."

Meneja akasimamisha saa. "Dada yangu, unauza dawa au unatangaza msiba?" Vijana wawili wa timu wakaangua kicheko. "Hapa tunaanza na sifa. Daktari akiuliza madhara, tunajibu. Asipouliza, kimya."

"Asipouliza, mgonjwa atajuaje?"

"Karatasi imo ndani ya boksi."

"Yenye herufi za kusomwa na sisimizi?"

Meneja hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma. "Kazi unaijua. Geuza mpangilio tu, Jumatatu uanze. Haya, rudia."

Hivyo ndivyo dhambi ya kunyamaza inavyovishwa suti: huitwa mpangilio. Saa ikaanza tena. Aliwaza nywele za mtoto, akafungua kinywa. "Daktari, dawa hii ni salama ka..." Midomo ya yule mzee ikamjia, imevimba. Akaikunja karatasi.

"Nisamehe, kaka. Siwezi."

Mumewe alipoelezwa, alikiweka chini kibano chake. "Si ungegeuza tu karatasi?"

"Halafu nigeuze nini kingine?"

Mume akaitia ufunguo saa moja ya ukutani, akaitia na ya pili. "Basi nenda. Ila mtoto umwambie mwenyewe."

Alimwambia. Mtoto aliuliza swali moja tu: kama shuka zile safi alizomtandikia azirudishe kabatini.

Alidumu na timu ile ndogo miaka sita. Hakuna mgonjwa aliyedhurika kwa jambo ambalo yeye alilificha. Binti yake alijifunza kujisuka mwenyewe, na alipovunja ungo, aliyeambiwa ni shangazi yake.