Mvua Iliyoniumbua kwa Mama Mkwe

Mvua ilikuwa ileile na ukuta ni mmoja, lakini TV ya jirani ilionyesha na ya mama mkwe wangu ikawa nyeusi tii. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Mimi ni fundi wa madishi. Miaka tisa juu ya mapaa ya watu. Na niseme ukweli, wateja nilikuwa nawadharau. Mtu hata rimoti inamshinda, halafu anataka kunifundisha kazi!

Dishi moja nilikuwa nafunga dakika ishirini. Picha ikitokea tu, nakaza nati, nashuka. Mteja akipiga simu wakati wa mvua namjibu, "Maji yanameza mawimbi, mama. Sayansi hiyo."

Wanakubali. Watajua nini?

La mama mkwe nililifunga hivyohivyo.

Siku hiyo shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa anasoma habari kwa mara ya kwanza. Muhtasari wa saa saba mchana, dakika tano tu, mubashara. Mama mkwe alivaa gauni la harusini ili akae sebuleni kwake mwenyewe. Nilicheka moyoni.

Saa saba kasoro kidogo mvua ikaanza. Mvua ya kawaida tu. Picha ikakatakata, kisha ikapotea kabisa.

"Mwanangu, hebu panda ufanye kitu," mama akaniomba.

"Mama, hii ni hali ya hewa. Mtaa mzima saa hizi hauoni kitu."

Nikakunja nne.

Kelele za mvua kwenye bati zilipopungua kidogo, tukasikia sauti ya shemeji. Ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa jirani.

Mama alitoka mbio bila mwavuli, mimi nyuma yake. Tulipoingia, shemeji alikuwa anawaaga watazamaji.

"Dishi lako alifunga nani?" nilimuuliza jirani.

"Yule mnayemwita Kobe. Picha ilishatokea, lakini alikaa juu nusu siku akilisogeza kidogokidogo na kipimo mkononi. Alisema analiachia akiba ya mawimbi kwa siku ya mvua."

Kobe! Fundi mwenzetu tunayemcheka kila siku dukani kwa kazi yake ya polepole. Ni kweli mvua hupunguza mawimbi, na ikizidi sana hata dishi lake lingezima. Ila mimi sikumwachia mama akiba hata chembe.

Mama alinitazama, gauni linamchuruzika maji.

"Hivi na binti yangu ukimkosea, huwa unamwambia ni mvua?"



Kesho yake asubuhi nikaenda na kipimo changu, nimejishusha kabisa. Nikamkuta Kobe yuko juu ya paa. Mama ndiye aliyemwita.

"Wewe shika ngazi," mama akaniambia. Nikashika.

Mafundi wenzangu, acheni kuyasingizia mawingu. Ukimdharau mteja, kazi utaifanya ovyo, na siku ya kuumbuka mteja mwenyewe atakuwa mama mkwe wako.